Bibi Makerita Akataa Kuinuliwa

Nyumbani kwa Bibi Makerita, kisiwani Savai'i, heshima ilikuwa nyingi kupita kiasi. Akikohoa, maji yameshaletwa. Akiitazama fimbo, iko mkononi. Kwa Wasamoa, mkubwa hanyanyuki kufuata kitu ilhali wadogo wapo, na wajukuu wake walilelewa wakaleleka. Basi tangu magoti yaanze kumuuma, mwanamke aliyekuwa akivunja watu mbavu ngomani aliganda kitini kama gunia la majimbi.

Kilichomchoma zaidi si maumivu. Mjukuu wake Lupe alikuwa amechaguliwa kucheza ngoma ya mwisho siku ya kufungua kanisa jipya. Binti akicheza ile ngoma, ndugu zake humzunguka wakijitupa chini na kufanya vituko, ili uzuri wake uzidi kuonekana. Sasa nani wa kujigaragaza kwa ajili ya Lupe, kama si bibi yake?

"Wewe?" Wifi yake Aveolela alicheka mpaka akashika ubavu. "Ukishuka chini wewe, wifi, tutaita winchi! Pumzisha magoti. Mimi yangu nayapumzisha, wala hayaniumi."

"Yataumaje, na kazi hayaijui?"

Alijibu hivyo, lakini hospitalini alifika na machozi. Ropati, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akambonyeza mapaja.

"Mama, gegedu la goti limelika, siwezi kulirudisha. Lakini mapaja yakipata nguvu, yatalisaidia goti kubeba mzigo. Nyumbani huwa unanyanyuka?"

"Ninyanyuke, kwani sina wajukuu?"

"Basi hao ndio nusu ya ugonjwa," Ropati akacheka.

Akamfundisha kukaa na kusimama taratibu bila kushika kiti, kupanda na kushuka ngazi ya mlangoni, na baadaye kufanya hayo hayo akiwa na mzigo. Kuuma kidogo kusimtishe; kukizidi, apunguze.

Loo, vita ikaanza! Kila akijiinua, mikono ishamdaka kwapani.

"Niacheni! Nani kawaambia nakufa?"

Akapiga marufuku kuletewa chochote, hata maji. Mdogo kuliko wote akaangua kilio: "Bibi ametuchoka!" Na ule mzigo wenyewe, kikapu cha makopo ya nyama, kila Jumapili ulizidi kuwa mwepesi.

"Uzito wangu mmeula tena, walafi nyie!"

"Lakini Bibi, na wewe ulikula."

"Mimi nilionja!"

Miezi ikapita hivyo, kwa kelele na jasho, na fimbo ikaanza kusahaulika nyuma ya mlango.

Siku ya kanisa, Lupe akaingia uwanjani na taji lake la manyoya, anang'aa mafuta ya nazi. Makerita akamfuata akikunja uso na kutikisa makalio, kisha pu! chini, miguuni pa mjukuu wake. Vifijo! Aveolela, wivu ukimwasha, naye akajitupa kando yake.

Ngoma ilipokoma, wajukuu wakatimka kuja kumwinua bibi yao.

"Rudini!"

Akaegemea mkono, akakita unyayo mmoja chini, akakaza mapaja, akapanda taratibu mpaka akasimama wima. Lupe akamkumbatia, wakalia wote wawili kwa furaha mbele za watu.

Aveolela bado yuko chini. "Wifi," akanong'ona, huku akiwachekea watu, "nimenasa."

"Winchi haijafika," Makerita akamwambia. Kisha akatanua miguu, akamshika mikono, akamvuta mpaka akasimama.

"Kesho asubuhi uje kwangu," akasema. "Na makopo uje nayo."