Shemeji anataka niseme sikumbuki

Admin, nifichie jina langu na jina la kampuni, mengine yaache kama nilivyoandika. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mama wa mtoto mmoja, naishi Mbeya mjini. Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya teknolojia, na mwenye nayo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu wa tumbo moja. Nimechoka, ndugu zangu. Sio uchovu wa kazi, maana kazi yenyewe siku hizi haipo sana. Ni uchovu wa kuamka na jambo lile lile kichwani.

Shemeji alibuni kifaa. Ni fimbo ya chuma, unaichomeka kwenye gunia au lundo la mpunga, inapima unyevu na joto la ndani, halafu inamtumia mwenye mali meseji kabla mpunga haujaharibika. Watu wa mashine za kukoboa mpunga kule Rujewa wanaijua hasara: mpunga mbichi unaota ukungu, uliokauka kupita kiasi unatoka chenga tupu. Wazo lilikuwa lake, nisimnyime haki yake. Alikula na kulala na hicho kitu, hadi dada akawa anatania kwamba fimbo ndiyo mke mwenzie.

Tulipokikamilisha tulikipeleka kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Hataza hatukuiwaza kabisa wakati ule, yaani ile hati ya serikali inayosema uvumbuzi huu ni wa fulani, mwingine asiutengeneze bila ruhusa yake. Tuliwaza wateja tu, na mkulima wa Usangu humuuzii kitu alichokiona kwa nje, anataka ukifungue. Basi mimi ndiye niliyesimama bandani na bisibisi, nikakifungua mbele ya kila aliyepita, nikaeleza kila waya unafanya nini. Shemeji yuko nyuma yangu anasema, "Waonyeshe shemeji, waonyeshe vizuri." Pembeni yangu alikuwa mfanyakazi mwenzetu, nitamwita Edo. Nilifurahi siku ile mpaka sauti ikanikauka.

Baadaye vikaanza kuonekana vya kuiga, tena vibovu, na lawama zikaja kwetu. Mwekezaji mmoja wa Dar naye akasema haweki hela kwenye kitu ambacho kila mtu anaweza kukinakili. Ndipo shemeji akaomba hataza, zaidi ya mwaka tangu ile Nane Nane, na akapewa. Sitaki kusema hataza ni mbaya. Ilituletea mwekezaji, mishahara ikaanza kueleweka, waigaji wakakimbia. Ila tangu tuipate hatujatengeneza kitu kipya hata kimoja. Nilipeleka wazo la kukitumia kifaa kwenye vitunguu, shemeji akanijibu, "Tulia kwanza, hiki tunachokilinda kinatosha." Karakana yetu imegeuka ofisi ya kuvizia watu, kutwa tunachungulia mitandaoni nani anauza nini.

Edo alichoka akaondoka, akarudi kwao Iringa. Huko akafanya lile nililokatazwa mimi. Fimbo yake ni fupi, bei nafuu, na amebadilisha namna inavyopima ili ifae kwenye mabanda ya vitunguu. Wakulima wa Ruaha Mbuyuni wameipokea kwa mikono miwili. Shemeji aliposikia alimfungulia kesi, anataka afunge karakana yake na amlipe fidia. Kusema kweli niliona wivu kidogo, halafu nikaona aibu kwamba nimeona wivu.

Wiki iliyopita Edo akanipigia. "Kamwene dada. Mi sikuombi unitetee. Wakili wangu anasema kitu kikishaonyeshwa hadharani muda wote ule kabla ya kuombewa hataza, hiyo hataza haisimami. Waliopita pale Nane Nane wanakumbuka fimbo tu, cha ndani hawakumbuki. Na mimi nikisema wataona najitetea. We ndo ulikifungua. Njoo useme tu ulichofanya." Nilimwambia nitamtafuta, mpaka leo sijamtafuta.

Nikaona nimwambie shemeji mwenyewe kabla hajasikia kwa watu, nikamkuta mezani anakula. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alisema, "Hataza ikianguka, mwekezaji anaondoka. Nyumba tunayoishi na dada yako tuliiweka rehani benki kwa ajili ya hii kampuni, unajua. We sema hukumbuki. Kusahau sio dhambi." Nikamjibu, "Lakini shemeji, nakumbuka." Akasema, "Basi wakumbuke na watoto wa dada yako," akaendelea kula.

Kinachonimaliza ni dada. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki, aliacha shule ili mimi nisome hizo nyaya ninazojivunia. Jana alinipigia, akauliza kama Jumapili nitakuja kula, tukaongea habari za watoto, kesi hakuigusa kabisa. Halafu nikasikia analia. Na mimi nikalia upande wangu, kila mtu ameshika simu yake.

Nikisema ukweli, dada anaweza kukosa pa kuishi, na shemeji ambaye kweli alibuni kile kifaa atabaki mikono mitupu. Nikisema sikumbuki, Edo anafilisika kwa kosa la kuendelea kubuni, na mimi nitarudi kwenye karakana isiyobuni chochote niendelee kupokea mshahara. Kila ninayemuuliza hapa Mbeya ana upande wake tayari, ndiyo maana nimekuja kwenu msionijua.

Naomba ushauri, hasa kwa mliowahi kuitwa kutoa ushahidi juu ya ndugu. Msiniambie niombe Mungu, hilo nalifanya. Wito wa mahakama umeshanifikia, mwezi ujao nitasimama pale kizimbani, Edo upande mmoja, dada amekaa upande wa pili na mumewe. Nikishaapa, nikiulizwa nani alikifungua kile kifaa mbele ya watu, nimtazame nani?