Mwenye Meza Ainue

Mwalimu aliyenifundisha Kiingereza nikiwa tayari na mvi amefariki. Habari ililetwa kwangu Kasese na mwendesha boda kutoka Bwera, hata kofia hajavua: "Mwalimu wenu ametutoka." Tangu hapo sijatulia, na wasomaji wangu wasidhani ni majonzi matupu.

Alikuwa mama wa upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, akitufundisha sisi wachuuzi alasiri, nyuma ya kanisa, hapa hapa Kasese. Somo nililoliogopa ni lile la mwenye na mali yake: mwenye akiwa mmoja, kialama cha apostrofi kinakaa kabla ya herufi s, wakiwa wengi, kinakaa baada yake. Hakuanza na ubao. Tuliweka vitu mezani, naye akauliza, "Hii iko ya nani? Mwenye yake ainue." Siku moja kikawekwa kikapu cha samaki kutoka Kahendero, ziwani, na mama wawili wakakidaka. "Changu!" "Chako wapi? Wewe ulinunua kamba ya kukifungia tu!" Tukacheka. Mwalimu hakucheka. "Basi muinue bawili, tuone kama itapasuka." Wakainua pamoja, wamenuna, ndipo akaandika ubaoni: the traders' basket, kikapu cha wachuuzi, kialama baada ya s.

Alipougua, nilishika chaki mimi. Nilikosea mengi, ila kusema haki, sikukosa kufika hata siku moja. Nikaanza kusema "darasa langu". Nilipokwenda kumwona, akaniuliza kitandani, akiniita baba kwa lugha ya kwao, "Papa, darasa iko ya nani?" Nikajibu haraka, "Lako, mwalimu." Akageukia ukutani. Nilidhani ameugundua unafiki wangu. Labda jibu lenyewe halikuwa hilo.

Baada ya maziko, kanisa likakihitaji chumba tulichosomea. Nilifika mapema kuihamishia meza barazani kwangu, bila kumwambia mtu. Nikashika pembe moja; mbao nzito, haikuinuka. Yule mama wa kikapu akanikuta nikihema. "Mwenye yake ainue, mwalimu! Mbona hainuki?" Wenzetu wa darasa waliomfuata wakaangua kicheko, wakashika pembe zilizobaki. Tayari tulikuwa njiani nilipouliza, "Tunaipeleka wapi?" Wakajibu kwa pamoja, "Sokoni, kwetu!" Nikabeba pembe yangu.

Sina hakika kama nilistahili hata hiyo pembe. Ninachojua ni kwamba aliyeshika chaki mwisho si mwenye darasa. Kesho zamu ya ubao ni ya yule mama, nami nitakaa kwenye benchi, mikono ikiniwasha.