Gauni la Mtumba

Juzi mama yangu, ambaye siku hizi anatusahau, alipiga magoti mbele ya binti yangu mdogo, nami kimawazo nikarudi kwenye alasiri moja ya utotoni, kijijini Mabwerebwere.

Mama alikuwa amenivisha gauni la mtumba, bado linanuka dawa ya marobota. Bibi, aliyemzaa mama, alikuwa akichambua mchicha barazani; aliniona mlangoni, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti nyembamba ya kitoto. "Nimechelewa kisimani, usinichape."

Nilikuwa na jina la mama yake bibi, aliyezikwa zamani milimani. Kwetu mtu mzima hamwamkii mtoto shikamoo, kwa hiyo nilimgeukia mama ili amzuie. Yeye akaninong'oneza, "Itikia, mwanangu. Anaogopa."

"Marahaba," nilisema.

Bibi akatulia, akarudi kwenye mchicha wake. Mimi niliamini marehemu mama yake alikuwa amejificha ndani ya gauni lile, na sikulivaa tena.

Sasa najua ulikuwa ugonjwa wa kusahau. Lakini juzi, nilipoinama kumnong'oneza binti yangu, mwenye jina la bibi, alikuwa ameshaitikia "Marahaba," na mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha mama.