Blanketi Lisilo na Mwenyewe

Blanketi ninalojifunika hadi leo lina pengo kwenye kona. Si tundu la moto wala la panya, ingawa wageni huuliza habari za panya. Ni kona nzima iliyotolewa, imenyooka kabisa, na mwezi wa sita, upepo wa Sumbawanga unapoanza kupita chini ya mlango, hauna pengine pa kuingilia ila hapo, begani kwangu. Mume wangu ameshasema mara nyingi tulizibe. Namwambia aliache kama lilivyo.

Nilianza kulishona nikiwa nimelazwa, si hospitalini bali nyumbani kwa mama mkwe wangu. Nilikuwa nimepoteza mimba mbili, zote zikiwa zimeshaanza kuonekana, zote watu wakiwa wameshaanza kunipisha kwenye foleni ya maji. Ya tatu ilipoingia, daktari alinipima akasema mlango wa kizazi umelegea, mimba ikiwa nzito haitakaa. Basi wakaushona. Nasema kushona kwa maana ya kushona, uzi na sindano. Mama mkwe ni fundi cherehani, na alipoelezwa jambo hilo aliuliza wametumia uzi gani. Daktari akacheka. Mama alikuwa anauliza kweli.

Baada ya hapo nikapewa amri: nisiiname, nisibebe hata jagi la maji, nisitembee zaidi ya chooni, nilale mpaka siku ya kutolewa ule uzi. Mume wangu ni dereva wa Fuso, anabeba mahindi ya watu, na nyumbani anaonekana siku moja katika wiki, akionekana. Akaona niende kwa mama yake, nitunzwe. Sikuulizwa. Nilipakiwa na mto wangu na sanduku langu kama gunia jingine tu.

Mimi ni mtoto wa Kipili. Nimekulia ziwani, ambako anayelala mchana ama anaumwa ama amelewa. Nilizoea joto, milango iliyo wazi, na wanawake wanaogombana kwa sauti mpaka mchuuzi wa samaki aina ya migebuka anasahau bei yake. Chumba nilichopewa kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lenyewe lilitazama ukuta wa jirani. Nilihesabu matofali yake, nikakosea, nikarudia, mpaka nikayachukia. Watu walikuja kunisalimu, wakakaa kidogo, wakasema subira yavuta heri, kisha wakatoka wakaenda zao juani. Walionishauri subira walikuwa na miguu inayowapeleka watakako. Mimi nilikuwa nimezikwa hai, na aliyenizika alikuwa ananiletea uji wa ulezi asubuhi na jioni.

Mama hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na cherehani yake barazani, na kutwa nzima niliisikia ikikimbia na kusimama, ikikimbia na kusimama. Siku moja aliingia akiburuta kiroba, akakimwaga juu ya miguu yangu. Vilikuwa vipande vya vitambaa, mabaki ya miaka yote aliyowahi kukata nguo za watu mjini hapa. Akanipa mkasi, sindano, na kipande cha boksi la sabuni alichokikata mraba, kila upande urefu wa kiberiti. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo.

"Kata hivyo hivyo, kisha unganisha," akasema. "Miguu ndiyo imekatazwa. Mikono haijakatazwa."

"Nishone nini, mama?"

"Blanketi."

"La nani?"

Alinitazama kama niliyetukana madhabahuni. "Halina mwenyewe," akasema, akatoka.

Nilijua kwa nini. Huku kwetu mtoto hanunuliwi nguo kabla hajazaliwa, na mama mkwe, kwa ufundi wake, alikuwa mkali kuliko wote. Usikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa: kwa wengine huo ni msemo tu, kwake ilikuwa sheria ya kazi. Wajawazito waliwahi kumletea kitambaa laini wakitaka avishone vigauni, akawarudisha. "Njoo naye nimpime," alikuwa akiwaambia.

Mimi mimba ya kwanza nilikwenda mnadani nikachagua sweta dogo la njano, na soksi ambazo kidole gumba changu kilizijaza. Ilipotoka hakuna aliyenilaumu. Ila sweta lilitoweka sandukuni, na mpaka leo naamini mama ndiye aliyeliondoa. Sikuwahi kuuliza lilikokwenda.

Basi nikashona. Mwanzoni kwa hasira, kwa sababu hakukuwa na kingine. Vipande vidogo vile vina ubishi wake: ukivuta uzi sana vinakunjamana, ukilegeza vinaachana, na vinne visipokutana vizuri kwenye pembe, safu nzima inakwenda upande. Lakini vilikuwa na habari. Kaki ya kaptula za shule, satini ya zambarau ya wasimamizi wa harusi, pazia la ofisi fulani, kitenge cha jubilei ya parokia ambacho mama alinionya nisikate penye uso wa mtakatifu. Mji wote ulikuwa unatembea huko nje bila mimi, na mimi nikiletewa vipande vyake.

Na hapo ndipo nikaanza ujanja. Mama alisema blanketi, hakusema ukubwa. Nikajipimia mwenyewe, kimoyomoyo, kutoka kiwikoni mpaka ncha za vidole, na kuongeza kidogo. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nikishona safu, najipapasa tumboni, nashona nyingine, naona kabisa atakavyokaa humo, miguu imekunjwa. Zilikuwa siku nzuri pekee nilizopata chumbani mule. Nilimaliza, nikazungusha pindo kwa uzi wa kahawia kwa sababu mweupe ulikuwa umeisha, nikalikunja chini ya mto.

Mama alilikuta akibadilisha shuka. Akalikunjua. Akalinyoosha kitandani kwa viganja, akatazama urefu, akatazama upana. Fundi haangalii kitambaa bila kuona mwili wa mtu, na alimwona. Uso wake ukabadilika.

"Hili ni la nani?"

"Umesema halina mwenyewe."

"Humu ndani hamna mtu wa ukubwa huu," akasema taratibu. Kisha akagonga pande mbili kwa kidole, wa kulia na wa chini. "Ongeza huku, na huku. Kule kwingine usiguse. Lifike la mtu mzima."

Akatoka. Baada ya muda kidogo nikasikia cherehani. Nililia mpaka kichwa kikaniuma. Hamna mtu. Nilikuwa nimembeba, alikuwa ananipiga teke usiku na mchana, na yule mwanamke alisema hamna mtu. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba kwake huyu alikuwa ameshakwenda na wenzake, na ninachotunziwa mimi ni aibu ya mwanawe tu. Nikaongeza safu kwa sababu sikuwa na nguvu ya kubishana. Pande mbili tu, kama alivyosema. Nilidhani ni mambo ya kifundi.

Jumapili moja mama alikwenda misa ya kwanza. Nyumba ikawa kimya, na ukuta ule ukawa unanitazama, nikaona nikiendelea kulala nitapiga yowe. Nikainuka. Nilishika ukuta wa korido, nikatoka uani, jua likanipiga usoni mpaka nikafumba macho. Mahindi yalikuwa yameanikwa kwenye turubai. Nikalizunguka nikaenda getini. Sikutaka kwenda popote, nataka nieleweke. Nilitaka kuona barabara: bodaboda ipite, mtu aliyebeba kuni apite, hata mbwa. Nikasukuma geti. Kufuli lilikuwa nje.

Nililipiga kwa kiganja mpaka mabati yakalia uani kote. Nikaita. Hakuja mtu. Ndipo nikasikia kitu kikivuta chini ya kitovu, kamba ile ile niliyoijua kwa mimba mbili. Nikarudi hatua kwa hatua, nikalala, nikaweka miguu juu ya mito, nikangoja kumpoteza. Niliomba. Nilimwambia anisamehe kwa kutaka kuona barabara. Mvuto ukakaa, ukakaa, ukaachia.

Mama aliporudi alisalimia, akavua kitenge cha kanisani, kisha akaona nyayo zangu. Zilikuwa na vumbi jekundu la uani. Alileta maji ya moto kwenye beseni na kitambaa, akanifuta miguu, kidole kimoja kimoja, muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji.

"Kufuli ni kwa ajili ya wezi wa mahindi," akasema, sijamuuliza.

Nikageukia ukutani. Tangu siku ile nilimchukia waziwazi, na chuki ilinisaidia kupitisha siku. Nilimwamkia shikamoo kwa adabu zote na nisiongeze kitu.

Baridi ikaja, ile baridi ya huku Ufipa inayomfanya mtu avae koti ndani ya nyumba. Blanketi likafika kiunoni, likafika magotini. Shule zilipokaribia kufunguliwa nikaletewa kaki tele. Mume wangu aliporudi safari alisema tukiendelea hivi tutafunikia mzigo wa Fuso, sikucheka. Likawa la mtu mzima, na mimi pia nikawa mkubwa, nisiyeweza kugeuka bila kushikwa. Mama alilitia mgongo kwa blanketi kuukuu la kijivu, akalipigilia mishono, akanifunika nalo. Lilikuwa zito na lenye joto, na kwangu lilikuwa kifuniko cha kaburi chenye rangi nyingi. Katika kona ya kushoto, juu, bado niliuona ule uzi wa kahawia. Nililala nimeushika.

Siku ya kutolewa uzi ikafika, nikapelekwa, ukatolewa, nikarudishwa. Sasa kilichokuwa kimemshikilia hakikuwepo. Uchungu ulinianza siku chache baadaye, asubuhi, kukiwa na vumbi na upepo, na kwa bahati mume wangu alikuwa nyumbani. Akaita bajaji. Nikatolewa mkono huku, mkono huku, nikapita geti lile likiwa wazi pande zote mbili. Niligeuka kumtazama mama. Alikuwa amesimama mlangoni, miwani usoni.

"Twende, mama," mume wangu akamwambia.

"Tangulieni. Mimi nina kazi kidogo."

Kazi! Siku ile! Nililia kwenye bajaji kuliko uchungu ulivyotaka. Nikamwambia mume wangu, "Mama yako ameshamzika mtoto huyu. Hataki kuja kumzika mara ya pili." Alinishika mkono, akamhimiza dereva akwepe mashimo.

Alizaliwa mchana, wa kike, mdogo, mwenye sauti. Alilia kiasi kwamba muuguzi alicheka akasema huyu hana shida ya mapafu. Sikuamini mpaka nilipowekewa kifuani, analia, ana joto, ana kucha. Tulimfunga kwenye kanga, maana nguo hatukuwa nayo hata moja. Mume wangu alikwenda koridoni kumpigia mama yake simu. Nilimsikia akisema, "Wa kike. Ndiyo, analia. Sikiliza mwenyewe," akaleta simu karibu na kinywa cha mtoto. Simu ikakatwa upande wa pili.

Nilikuwa sijamaliza chai niliyoletewa, mama akaingia. Alikuwa amekuja kwa bodaboda, vumbi limejaa kwenye miwani. Hakunisalimu. Alifungua mkoba, akatoa kitu kilichokunjwa, akakikunjua juu ya mtoto, akachomeka huku na huku kwa mikono yake ya kifundi. Kilimwenea kutoka kidevuni hadi miguuni, na miguu imekunjwa.

Nilikijua kabla hajamaliza kukinyoosha. Kaki, satini ya zambarau, pazia la ofisi. Ilikuwa ile kona, kazi yangu ya kwanza, imekatwa sawasawa kwenye uzi wa kahawia. Pande mbili zilizokuwa ukingoni hazikuguswa na mkasi. Zile mbili alizoniambia niongeze ndizo alizokata. Kwanza nilikasirika, miezi yangu yote ile na mtu anaitia mkasi. Kisha nikashika pindo.

Lilikuwa limeshonwa kwa mkono, limepinduliwa mara mbili ili lisimkwaruze, mishono midogo iliyokaribiana, yenye utulivu, kuzunguka pande zote. Pindo kama lile halishonwi juu ya bodaboda. Lile ni la asubuhi nzima, na asubuhi nzima mtoto alikuwa bado hajazaliwa.

"Mama," nikasema, "pindo hili umelishona saa ngapi?"

Alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya kitenge chake, anafuta na kufuta, hanitazami.

"Lala, mwanangu," akasema.

Nikalala.