Power saw ya mwanangu ilivuta hewa, na mimi ndiye niliyemzuia kwenda Faza

Wakuu, asalam aleykum. Mimi ni bibi wa huku Mbwajumali, shule nilifika mlangoni tu, lakini mdomo ninao. Leo sitii chumvi, wallahi.

Mwanangu Shee alikuwa akikatia watu minazi kwa power saw. Ikashikwa na ugonjwa. Ikiwa baridi, sawa. Ikishika moto, hata ukiachia kidole yapiga kelele peke yake na mnyororo wazunguka.

Wenziwe wakamwambia yavuta hewa mahali. Akageuza skrubu za kabureta, akakaza kila nati. Wapi!

Sasa kaka yangu Famau, fundi wa mashua (ana maringo huyo!), akacheka.

"We Shee! Mimi naziba mashua nzima, itanishinda kisanduku hiki?"

Akachovya pamba kwenye mafuta ya papa, akakalafati pale kabureta inaposhikana na injini. Kama mashua kweli!

Kuiwasha, yanguruma taratibu. Tukashangilia. Nikampakulia Famau wali wa nazi sahani mbili.

Asubuhi Shee akaniambia, "Mama, naipeleka Faza fundi aitizame."

"Umvunjie mjomba wako heshima? Watu waseme kazi yake yakaguliwa? Nenda shamba."

Akanisikiza.

Kumbe jana ilitulia kwa kuwa ilikuwa baridi. Hatukungoja ishike moto.

Huko shamba mashine ikashika moto. Shee akamaliza kukata, akaachia kidole, akapiga hatua kuvuka gogo akijua mnyororo utasimama.

Haukusimama.

Mguu wa kushoto, chini ya goti. Nilimfunga kwa leso zangu zote mbili, ndia nzima ndani ya boti damu yapita tu. Hospitali wakajaribu, wakajaribu. Shee alirudi nyumbani, mguu haukurudi.

Baadaye Famau aliibeba mashine mwenyewe hadi Faza, nami nyuma yake.

Fundi akatoa kabureta na silensa, akaziba matundu kwa mpira wa tairi, akaijaza hewa kwa pampu ya baiskeli, akaizamisha kwenye beseni. Hakuna povu. Pale palipokuwa na pamba, hata moja.

Kisha akaizungusha shafti kwa mkono, polepole. Povu likatoka nyuma ya gurudumu la sumaku. Oili sili imekwisha. Kimpira kidogo tu, kama pete ya kidole.

Famau akauliza, "Ni hicho?"

"Ni hicho, mzee."

Akatoka bila viatu.

Wakuu, funzo. Mashine ijaribiwe ikiwa ya moto. Hewa itafutwe huku shafti yazunguka. Na kazi ya mtu mzima ikaguliwe, akinuna anune.

Shee hajanilaumu hata neno moja. Sasa hivi yuko kitandani hapa, aniuliza naandika nini nacheka peke yangu. Nimemwambia ni umbea.

Mwenye mashine inayolia bila kushikwa, izime kwanza. Halafu njoo hapa chini uniambie, nami nitakujibu, hata kama nachapa kwa kidole kimoja.