Transista ya Redio ya Mama

Mama alifariki alfajiri. Hata kuoshwa bado, baba akaniita: "Mwanangu, redio ya mamaako haisemi. Itengeneze, tangazo lake litasomwa saa saba."

Baba alikuwa fundi redio hapa Madungu hadi macho yalipompotea. Tangu asubuhi watu wanampa pole, naye anawajibu, "Amelala tu." Nikaogopa hataamini mpaka asikie redioni. Kwetu Pemba, mtu akifa lazima asomwe redioni. Mama mwenyewe hakukosa kusikiliza vifo hata siku moja. Wali uungue, mradi asikie nani anazikwa wapi.

Shangazi akaniona na bisibisi. "We mtoto wa kike, huna haya? Mamaako yumo ndani, hajazikwa!"

"Niache, shangazi!" nikamfokea. Siku ile nilikuwa na hasira na dunia nzima.

Nikafungua redio. Baba ndiye aliyenifunza: transista ina miguu mitatu, na mmoja, beisi, ndio koki. Ukiipa umeme kidogo, umeme mwingi unapita toka mguu wa kolekta kwenda wa emita. Nikaing'oa moja ya upande wa spika, maana ikiwa bado imelehemiwa mita hudanganya. Nikaweka mita kwenye alama ya dayodi, ya kupima umeme unapita upande gani, waya mwekundu kwenye beisi, mweusi kolekta.

"Yasemaje?" baba akauliza.

"Nukta sita na kitu."

"Hapo sawa. Na emita?"

"Sufuri."

"Geuza waya."

"Sufuri tena, baba."

"Sufuri huku na huku, basi umeme unapita ovyo. Hiyo imeungua, itupe."

Mvunguni mlikuwa na redio kuukuu. Nikatoa transista ya aina ile ile, nikaipima. Toka beisi, miguu yote miwili nukta sita. Nikigeuza waya, mita haisomi kitu, hata hiyo sufuri. Kati ya kolekta na emita, haisomi kitu huku wala huku. Hii nzima. Nikailehemu, machozi yakinidondokea mikononi.

Redio ikakoroma, kisha ikasema. Kina mama waliokuja msibani wakasogea kusikiliza. Msomaji akamtaja mama, akasema maziko ni leo alasiri, habari ziwafikie jamaa wa Wete na Wesha. Kisha akamtaja mfiwa, mume wake.

"Kanitaja mie," baba akasema.

"Naam, baba."

Akapapasa swichi, akaizima, kama mama alivyokuwa akifanya vifo vikimalizika. Kisha akalia, ya Rabi, sijapata kumsikia analia vile.

"Nishike mkono," akasema. "Nipeleke nikamuage mamaako."