Shangazi Hapiti Maji

Kwenye kituo cha teksi wanamwita Vua Viatu, na wanaocheka zaidi ni wale ambao maji hayajawahi kuwachukulia mtu. Ni shangazi yangu, kwa hiyo mtanisamehe nikikosa subira nao.

Mvua ikinyesha, akifika bondeni ambako mto hufurika na kufunika barabara, shangazi huzima gari, huvua viatu, hukunja gauni na kuingia majini na mpini wa fagio, akipapasa lami taratibu. Maji yakimpita vifundo vya miguu, hugeuza gari. Abiria anune, ashuke, atukane, shauri yake.

Marehemu mumewe naye alikuwa dereva wa teksi. Barabara ile aliijua kama kiganja cha mkono wake. Siku moja lori lilipita mbele yake, naye akalifuata. Lori ni zito. Gari dogo, maji yakifika mlangoni, huelea kama sufuria. Na huko chini mto ulikuwa umeshakula kipande cha barabara. Shangazi alibaki na binti mdogo, akajifunza kuendesha.

Mwaka jana binti huyo alishikwa na uchungu asubuhi ya mvua. Nilikuwa nimempakata kiti cha nyuma, mumewe amekaa mbele. Bondeni shangazi akavua viatu. Akiwa majini, lori likampita na kutokea ng'ambo salama.

"Mama, limepita," mkwewe alisema. "Hospitali ile pale, inaonekana."

"Naiona."

"Basi nipe mimi usukani."

Shangazi aliingia garini, gauni limelowa hadi magotini. "Gari hili haliingii majini, mwanangu. Nikasirikie tukishafika."

Tukazunguka njia ya mlimani. Mtoto alizaliwa njiani, mikononi mwangu, wa kike, kitovu kimemzunguka shingoni. Hakulia. Tulipofika, daktari hakuwa na la kufanya.

Maji yalipokauka, barabara ilikuwa nzima, haina hata ufa. Pale kituoni wakasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mkwewe hakusema neno, na hilo ndilo lililomuumiza shangazi kuliko yote. Shangazi akaning'iniza ufunguo wa gari ukutani. Niliwachukia wote, hata mto.

Mvua zimerudi, na binti ni mjamzito tena. Juzi alikuja, akautungua ule ufunguo, akamwekea mama yake mkononi.

"Nina kliniki leo. Nipeleke."

Tulipofika bondeni, maji yalikuwa yamefunika lami. Shangazi alizima gari, akabaki ameshika usukani.

"Ile siku barabara ilikuwa nzima," alisema.

"Ungejuaje? Hata baba aliliona lori likipita." Binti akainama, akauchukua mpini wa fagio chini ya kiti, akampa. "Vua viatu, mama. Nakungoja."

Shangazi alilia kwanza, ndipo akavua.